Mguu unauma miaka mingi baada ya mionzi? Namna ya kuurudishia damu kabla hujakubali ukatwe

Naenda moja kwa moja. Kama uliwahi kupigwa mionzi ya kansa ya shingo ya kizazi, ya utumbo mpana wa chini, ya kibofu, ya tezi dume au ya titi, na sasa imepita miaka 5, 10, hata 20 na kitu, alafu mguu au mkono wa upande ule uliopigwa umeanza kuuma ukiutumia, umekuwa wa baridi kuliko mwenzake, au una kidonda ambacho umekifunga na kukifungua na hakiponi, usikubali haraka kuambiwa ni uzee, ni baridi yabisi, au ndo kansa imerudi basi tena. Inaweza kweli ikawa moja ya hayo, sikatai, lakini inaweza pia ikawa ateri imeziba pale pale mionzi ilipopita, yaani ule mshipa unaotoa damu kwenye moyo kupeleka mguuni au mkononi, na hilo lina matibabu, damu inarudishwa, mtu anatembea. Ninachokuomba ni kimoja: mguu usikatwe kabla mishipa yake haijapigwa picha.

Nafanya uuguzi wodi ya upasuaji na nalisema hili kwa uchungu kwa sababu Tanzania na Uganda kansa ya shingo ya kizazi ndo inaongoza kwa wanawake, wengi wanafika ikiwa imesogea kiasi kwamba upasuaji haufai, wanapewa mionzi ya nje kama Gray (kipimo cha mionzi) 45 mpaka 50 ikigawanywa kwa wiki tano hivi, juu yake inaongezwa ya ndani, na Mungu akisaidia wanapona. Wanarudi nyumbani, wanalea wajukuu. Wakienda kliniki wanaulizwa kama wanatokwa damu, kama wanapungua uzito, wanapimwa tumbo, sawa, ila miguu hakuna anayeigusa. Miaka inapita, mama anaanza kuchechemea, anapewa diklofenaki na vitamini za mishipa ya fahamu.

Sasa kwa nini mionzi izibe mshipa? Kwa sababu ateri kubwa za nyonga zinapita pembeni kabisa ya kizazi zikishuka miguuni, kwa hiyo mionzi inapopigwa kwenye uvimbe na zenyewe zinapata. Utando laini wa ndani unaharibika, vimishipa vidogo vidogo vinavyolisha ukuta wa ateri vinakufa, ukuta unajaa kovu, mafuta yanajikusanya hapo mapema kuliko kawaida, njia inabanwa, mwisho bonge dogo tu la damu linafunga kila kitu. Mshipa wenyewe unakuwa kama mpira wa maji uliosahaulika juani, mgumu, hauvutiki, ukiulazimisha unapasuka. Shika hiyo kichwani maana ndo inaamua matibabu yote huko mbele. Kwa waliopigwa mionzi ya titi na kwapa, ateri inayoumia ni ile inayopita chini ya mtulinga kwenda mkononi, na kwa waliokuwa na uvimbe wa paja ni ateri ya paja.

Dalili moja inayotuamsha sisi hospitali ni hii: mgonjwa hajawahi kuvuta sigara, hana kisukari, presha yake nzuri, mishipa ya sehemu nyingine zote safi, ila kipande kimoja tu kimebana, na kipande hicho kiko ndani ya eneo la mionzi, ngozi ya hapo juu imekuwa nyeusi na ngumu. Hapo unajua.

Sikiliza maumivu yenyewe kwanza

Maumivu ya damu kutofika yana tabia yake. Unatoka nyumbani kwenda kituo cha daladala, katikati ya njia shavu la mguu linabana, au paja, au tako, unasimama kama vile unaangalia simu, dakika mbili tatu linaachia, unaendelea, linabana tena ukifika karibu umbali ule ule. Ukisimama tu linaisha, hiyo ndo alama. Mtu wa uti wa mgongo mara nyingi kusimama hakumsaidii, mpaka akae au ainame mbele. Na hali ikizidi maumivu yanakuja ukiwa umelala, vidole na unyayo vinawaka, unaamka usiku unauning'iniza mguu nje ya kitanda ndo unapata nafuu, au unalala kwenye kiti. Ukifika hapo usisubiri tarehe ya kliniki ya mwezi ujao, nenda wiki hiyo hiyo.

Kwa mkono ni kuchoka ukifua, ukitwanga, ukisuka nywele mikono ikiwa juu, vidole baridi, wakati mwingine vidoti vyeusi kwenye ncha za vidole. Kwa mkono pia mionzi inaweza kuumiza mishipa ya fahamu ya kwapani ikaleta ganzi na udhaifu, na yote mawili yanaweza kumkuta mtu mmoja, kwa hiyo ukiambiwa ni fahamu, sawa, ila uliza na mapigo yameguswa?

Gusa mapigo

Hii unaweza kuifanya nyumbani, na ningependa kila mtu aliyewahi kupata mionzi ya nyonga aijue. Mgonjwa alale chali, miguu isiwe ya baridi. Mwambie anyanyue kidole gumba cha mguu, utaona mshipi, yaani kano, unasimama juu ya unyayo. Weka ncha za vidole viwili au vitatu vya mkono wako pembeni tu ya huo mshipi, upande wa kidole cha pili, katikati ya mgongo wa unyayo. Usitumie kidole gumba chako maana kina mapigo yake yatakudanganya. Na usikandamize, wengi wanakandamiza mpaka mshipa unafunga alafu wanasema hakuna kitu, weka kidole kama unagusa tu, subiri, sogeza kidogo, subiri tena. Ukipata kitu kinagonga, shika na kifundo cha mkono wa mgonjwa kwa mkono wako mwingine uone kama vinagonga pamoja, visipogonga pamoja unasikia mapigo yako mwenyewe.

Alafu nenda nyuma ya kifundo cha mguu upande wa ndani, kati ya mfupa na ule mshipi mnene wa kisigino, na hapo kuna mapigo. Wapo watu wazima kabisa wenye afya ambao yale ya juu ya unyayo hayapatikani tangu kuzaliwa, kwa hiyo usipige kelele kwa moja kukosekana, ila yote mawili yakikosekana mguu mmoja na mguu wa pili yapo, hiyo ni habari. Malizia kwenye kinena, katikati ya ule mkunjo wa paja, hapo yanatakiwa yagonge kwa nguvu. Kinena kikiwa dhaifu upande mmoja, tatizo liko juu, tumboni kwenye nyonga, ndo hasa kunapoharibiwa na mionzi ya kizazi.

Mgonjwa akiwa bado amelala, mnyanyulie miguu yote juu kama dakika moja uangalie nyayo. Kwa ngozi zetu rangi usiitafute kwenye muundi, hutaiona, angalia nyayo na kucha. Unyayo ukiwa mweupe mweupe kama umetolewa majini, alafu akikaa na kuning'iniza mguu ukageuka mwekundu wa kuiva taratibu, damu haitoshi.

Dharura isiyosubiri asubuhi

Maumivu yakija ghafla, mguu au mkono ukapauka, ukawa baridi, ganzi, mapigo hakuna, na kuusogeza kunakuwa shida, hapo bonge la damu limefunga kabisa. Misuli haivumilii, una kama masaa 6 tu ya kuokoa tangu maumivu yaanze, na ganzi ikishaingia na vidole vimegoma kusogea una muda mdogo zaidi ya huo. Usikande, usipake dawa ya moto, usiweke maji ya moto, usiuinue mguu juu ya mto, na mtu asile maana anaweza kuingizwa chumba cha upasuaji. Peleka hospitali kubwa moja kwa moja na mlangoni sema "mguu hauna mapigo," usiseme tu "mguu unauma," utapangwa foleni. Huko ataanzishiwa heparini kuzuia bonge lisiongezeke, alafu bonge linatolewa, mara nyingi kwa mrija wenye kaputo kadogo mbele, kifaa alichokibuni Thomas Fogarty na kutangazwa 1963 ambacho mpaka leo kinatumika.

Na hili la maji ya moto naomba nilirudie. Nimemuona mama ambaye binti yake kwa mapenzi kabisa alikuwa anamuwekea chupa ya maji ya moto miguuni kila usiku kwa sababu miguu ni ya baridi, mama hasikii kwa sababu ya ganzi, asubuhi yakaonekana malengelenge kisigino kizima, na kisigino kisicho na damu hakijengi ngozi mpya. Mguu baridi uvalishe soksi ya pamba iliyolegea, basi.

Kipimo cha bei ndogo kuliko vyote

Kabla ya skani za gharama kuna kipimo cha mashine ya presha na kidopla kidogo cha mkononi, kile kinachofanana na cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni. Mgonjwa analala dakika 10 atulie. Anapimwa presha, ile namba ya juu, mikono yote miwili, inachukuliwa iliyo kubwa. Alafu mkanda unafungwa juu kidogo ya kifundo cha mguu, kidopla kinawekwa kwenye ile sehemu ya mapigo, mkanda unajazwa mpaka sauti inapotea, unaachia taratibu, sauti inaporudi ndo namba yako. Unafanya sehemu zote mbili za mguu, unachukua kubwa, unaigawa kwa ile ya mkono. Mkono ukiwa 140 na mguu 70, jibu ni 0.5. Kawaida ni 1.0 mpaka 1.4, chini ya 0.9 kuna ateri imebana, chini ya 0.4 mguu uko hatarini. Ikizidi 1.4 usifurahi, maana yake ukuta wa mshipa umekakamaa mkanda umeshindwa kuubana, sana sana kwa wenye kisukari na figo, hao wapimwe presha ya kidole gumba cha mguu.

Kwa mtu aliyepigwa mionzi ya titi kuna mtego, mkono wa upande ule unaweza kutoa presha ya chini ya uongo kwa sababu ateri yake yenyewe imebana. Tofauti ya 15 au zaidi kati ya mkono na mkono isipuuzwe, na kuanzia siku hiyo presha yake ipimwe mkono usio na tatizo, la sivyo ataambiwa presha nzuri wakati iko juu.

Picha, na faili la mionzi

Baada ya hapo inakuja ultrasaundi ya mishipa, alafu siti skani ya mishipa yenye dawa ya rangi, kwa mguu ianzie tumboni ishuke mpaka nyayo, kwa mkono ianzie kifuani kwenye moyo. Skani ya goti kushuka chini peke yake ni hela imepotea kwa mgonjwa wa mionzi ya nyonga. Skani hiyo hiyo msomaji aombwe aangalie na kama kuna uvimbe umerudi unaoubana mshipa kwa nje, na kama vena, yaani mshipa unaorudisha damu kwenye moyo, imeziba, maana mguu uliovimba na wa joto mara nyingi ni vena na matibabu yake ni mengine.

Dawa ya rangi ni mzigo kwa figo, na kina mama wa kansa ya shingo ya kizazi wengi figo zao zilishabanwa na ule ugonjwa wakati fulani, kwa hiyo kreatinini, kipimo cha damu cha figo, ipimwe kwanza, na anayetumia metfomini ya kisukari aseme mapema. Figo zikiwa mbaya sana kuna njia ya kupiga picha ya mishipa ya miguu kwa gesi ya kaboni dioksaidi badala ya dawa ya rangi, haipo kila mahali ila kuuliza si kosa.

Na faili. Nenda ulikotibiwa, iwe Ocean Road, Kenyatta au Mulago, omba muhtasari wa mionzi: sehemu gani ilipigwa, Gray ngapi, mwaka gani, kama ya ndani ilikuwepo. Daktari wa mishipa akiuona huo ukurasa anajua asikate wapi, na hii nimeiona inabadilisha mpango mzima wa upasuaji. Piga picha uweke kwenye simu, ya kwako na ya mtoto wako mmoja.

Dawa na kutembea

Karibu kila mwenye ateri iliyobana anaanzishiwa aspirini au klopidogreli ili damu isigande, dawa ya mafuta kama atovastatini hata kama mafuta ya damu yake yanasoma vizuri, presha na sukari zinashikwa, na sigara, shisha na ugoro vinaachwa vyote. Wapo wanaopewa rivaroksabani, nayo ya kuzuia damu kuganda, ya dozi ndogo, miligramu 2.5 asubuhi na jioni juu ya aspirini. Silostazoli inaongeza umbali wa kutembea ila mwenye moyo uliofeli asiiguse.

Lakini kwa mtu wa mionzi ya nyonga kuna swali ambalo usiondoke chumba cha daktari kabla hujalijibu: unatokwa damu kwenye haja kubwa au kwenye mkojo? Mionzi inaacha utumbo na kibofu vikiwa na vimishipa laini vinavyovuja, unakuta mama amezoea, anaona aibu, hasemi, anapewa dawa mbili za kufanya damu iwe nyepesi, wiki mbili baadaye analetwa akiwa mweupe kama karatasi. Sema. Daktari atachagua dawa moja, au atatibu kwanza panapovuja.

Kutembea ni dawa kweli, sio ushauri wa kujifurahisha. Kwa mwenye maumivu ya kutembea tu, asiye na kidonda wala maumivu ya usiku, atembee angalau siku tatu kwa wiki, dakika 30 mpaka 45, atembee mpaka maumivu yawe makali kiasi, asimame yaishe, aendelee, hivo hivo kwa wiki 12 au zaidi. Vimishipa vya pembeni vinajifunza kubeba damu na misuli inajifunza kuitumia vizuri. Wapo ambao hawahitaji kingine.

Puto na stenti

Ikishindikana, au kama kuna maumivu ya kulala au kidonda, damu irudishwe kwa kazi ya mikono. Njia ya kwanza ni kupita ndani ya mshipa wenyewe. Tarehe 16 Januari 1964, huko Portland, Oregon, Marekani, Charles Dotter alimtibu bibi wa miaka 82 ambaye waliona akatwe mguu na yeye akagoma. Akapitisha mirija inayozidiana unene ndani ya ateri ya paja akaitanua, mguu ukapata joto, kidonda kikapona, bibi akatembea na miguu yake yote mpaka alipofariki kama miaka miwili na nusu baadaye. Puto la kutanulia likaletwa na Andreas Grüntzig, Zürich, 1974. Kazi hii inafanyika na huku kwetu, Muhimbili tangu 2018 kuna mafunzo ya madaktari wa kutibu kwa kuongozwa na picha, kwa hiyo usiambiwe lazima India.

Kwa ateri za nyonga zilizoharibiwa na mionzi hii ndo njia ya kuanza nayo, na sababu iko wazi: tumbo lililopigwa mionzi utumbo umeshikamana, mirija ya mkojo imenaswa kwenye kovu, kulifungua ni hatari kubwa. Waya unapita, puto linapulizwa, stenti, yaani kamrija ka wavu wa chuma, inaachwa ishikilie. Sasa hapa rudi kwenye ule ukuta mgumu, puto lisiwe kubwa kupita kiasi maana mshipa unaweza kupasuka, na wengi wanapenda kuwa na stenti yenye kitambaa mkononi kwa ajili ya hilo. Uliza pia sindano itaingilia wapi, kinena kilichopigwa mionzi ngozi yake inapona vibaya, upande wa pili au mkononi ni bora kama inawezekana. Na stenti isikae sehemu inayokunjwa, yaani kinena chenyewe au begani, itapondwa na kuvunjika.

Hasara yake ni kwamba mishipa ya mionzi inapenda kubana tena. Kutanua mara ya pili sio kufeli, ndo ugonjwa ulivyo.

Baipasi inayokwepa eneo la mionzi

Hapa ndo penye akili yote ya ugonjwa huu. Kwa mgonjwa wa kawaida daktari anaweza kufungua pale palipoziba akakwangua uchafu au akapitisha mshipa mpya sambamba. Kwa mgonjwa wa mionzi tabaka za ukuta zimegandana hazikwanguliki vizuri, na kidonda kwenye ngozi ile hakifungi, kikiingia wadudu mpaka kwenye baipasi, yaani ule mshipa mpya, inaweza kupasuka mtu akapoteza maisha. Kwa hiyo damu inachukuliwa mbali, inapitishwa njia nyingine, inashushwa kwenye nyama yenye afya.

Kama nyonga ya kushoto imeziba na ya kulia ni nzima, damu inachukuliwa kinena cha kulia inavushwa chini ya ngozi juu kidogo ya mfupa wa kinena kwenda mguu wa kushoto. Kama nyonga zote zimeziba, inachukuliwa ateri ya chini ya mtulinga, inashuka chini ya ngozi ubavuni mpaka pajani. Kama kinena chenyewe ndo kimeungua, kuna njia ya kupita kwenye tundu la mfupa wa nyonga kutokea ndani ya paja, au kushusha kwa nje ya paja mbali na kinena. Kwa mkono, damu inaweza kutolewa kwenye ateri ya shingo ikapitishwa hadi mbele ya pale palipoziba, mradi shingo haikupigwa mionzi.

Mrija unaweza kuwa wa plastiki au vena ya mgonjwa mwenyewe kutoka mguuni. Kwenye jirani ya ngozi iliyoungua na kwenye mkono, vena ya mwenyewe ndo bora, inapigana na wadudu vizuri zaidi. Ila isichukuliwe kwenye mguu wenye uvimbe wa limfu, yaani maji ya mwili yaliyokosa njia ya kurudi. Na kama hakuna namna ya kukwepa ngozi mbovu, aitwe mpasuaji wa kurekebisha maumbile alete kipande cha msuli wenye damu yake afunike, na awepo tangu mwanzo, sio kuitwa siku kidonda kimeshafunguka.

Kidonda, na soksi za kubana

Kidole kilichokauka kikawa cheusi na hakinuki, kiache kikavu, weka chachi kavu kati ya vidole, usikiloweke kwenye maji ya chumvi, usikikate nyumbani, kishughulikiwe damu ikisharudi. Kikiwa kinatoa usaha, kinanuka, au mguu umepanda uvimbe na homa, hiyo ni ya leo.

Wengi waliopigwa mionzi ya kwapa au nyonga wanavimba mkono au mguu kwa limfu na wanapewa bandeji na soksi za kubana. Ateri ikiwa imebana na wewe unabana kwa nje, unamalizia damu kidogo iliyobaki. Kile kipimo cha kugawa presha kifanyike kabla ya soksi yoyote, chini ya 0.5 usivae, kati ya hapo na 0.8 ni kwa maelekezo ya mtaalamu tu. Hata kama umevaa miaka yote, dalili mpya zikianza, pima upya.

Na kukata? Kuna wakati ni sahihi, mguu ukishakufa au sumu ya wadudu inaingia kwenye damu, kuchelewa kunaua. Ila hata hapo uliza kama damu inaweza kuboreshwa kwanza ili ukatwe chini zaidi na kidonda kipone, maana kubaki na goti lako mwenyewe ni tofauti kubwa sana kwenye kutembea na mguu wa bandia.

Ukisharudi nyumbani

Aspirini usiiache siku unayojisikia mzima, na kama umewekewa stenti kuna kipindi cha dawa mbili, daktari wa meno akitaka kung'oa jino aongee na aliyekuwekea kwanza. Ultrasaundi ya kuangalia ni mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita, mwaka, alafu kila mwaka, hata bila maumivu, kwa sababu baipasi inayobana ikikamatwa mapema inatanuliwa kwa puto, ikishafunga kabisa kuifungua ni shughuli.

Kama mrija wako unapita chini ya ngozi, uushike kila asubuhi uhisi unagonga. Wa ubavuni usiulalie, usivae sidiria wala mkanda unaokaza juu yake. Wa kinena mpaka kinena, kanga ifungwe juu kiunoni, sio hapo mrija unapopita, na mkaja usifungwe hata bibi akisisitiza, mjukuu abebwe mgongoni kwa kitenge kinachopita kifuani, asikalishwe nyongani. Wanaokusaidia kazi za nyumbani waambie na waonyeshe kwa kidole unapopita, mtu asije akakuchua hapo kwa mafuta akidhani ni msuli umekaza. Siku usipousikia ukigonga, usisubiri maumivu yaanze, beba ile picha ya faili uende.